Taa za Nyuma Ukutani

Jumanne, 4 Juni 1996
Wakwe wa Nambale wanakuja Jumamosi na ng'ombe wa mahari ya binti yetu Amuron. Mke wangu Akurut ameapa: wakicheka boma letu, nitalala jikoni na kuku. Jirani Bwire naye amepamba ukuta wa bustani yake kwa vitako vya chupa. Kijani, kahawia, kama kanisa! Nikamuuliza, hizo zote umekunywa mwenyewe? Akanuna. Mzee mzima.

Jumatano, 5 Juni
Nimetoka na mali kwa muuza vyuma chakavu! Vifuniko vya magurudumu, taa za nyuma za lori, nyekundu kabisa, na raba ya kuzuia matope iliyoandikwa MUNGU YUKO MBELE. Zote nimezikandika kwenye ukuta wangu, pale barabara ya mpakani inapokata kona. Mapengo nimeziba na vipande vya sahani. Nilizivunja mwenyewe. Akurut hajui bado. Bwire akaja kuchungulia, akauliza, mzee, hii inavuka Uganda lini? Wivu huo!

Ijumaa, 7 Juni
Jioni mvua, ukungu. Lori la Mombasa likasimama mbele ya ukuta wangu. Dereva anashangaa urembo! Likaja lingine. Halafu lingine. Nikawapungia mkono wote. Watu wa heshima, hakuna aliyepiga honi.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu! Foleni imefika sokoni. Madereva wamelala ndani, wanangoja ukuta wangu usogee! Nikamgongea wa kwanza. Akasema, boss, tuko nyuma yako tangu jana, kwani karatasi zako zina shida gani?
Geti limezibwa. Wakwe hao, na ng'ombe, hawana pa kupita. Bwire akafungua ua wake mbio, kama aliyekuwa anangoja. Wakaketi kwake. Wakala kuku wetu kwenye sahani zake, maana zetu ziko ukutani. Wakasifu chupa. Mkwe mkubwa akamshika Bwire mkono, akamwita baba wa bibi arusi! Ng'ombe wakafungwa kwake.

Jumapili, 9 Juni
Nimelala jikoni. Jogoo hana adabu. Akurut amemfokea Bwire mpaka ng'ombe wakarudi, kisha akanigeukia mimi: hizo taa zitoke kabla ya ibada! Nimezing'oa. Mama wa watu ana haki. Lori likionyesha mgongo, lazima watu wapange foleni. Kosa lilikuwa hilo tu.
Muuza vyuma ameniwekea taa za mbele. Kubwa! Na betri juu. Jioni nitaziwasha.