Kiti cha Nje, Fidla za Pili

Jumanne, 5 Novemba
Mazoezi ya okestra. Mwaka wa kumi na moja huu kwenye kiti cha ndani! Fidla za pili, stendi ya tatu, watu wawili kwa karatasi moja ya muziki. Anayekaa nje huonekana na ukumbi mzima. Anayekaa ndani hugeuza kurasa za wote wawili. Wa nje ni Bi Krahl, mwalimu mstaafu. Wa ndani ni mimi, Ottmar Petzold, fundi miwani bora wa mji huu (hakuna mwingine). Picha ya gazetini mwaka jana: Bi Krahl mzima, na sikio langu. Mwaka huu dada yangu anakuja kwenye konseti, kutoka Hamburg. Haji kutazama sikio.

Nikafanya kusudi. Katikati ya simfonia nikageuza kurasa mbili kwa mpigo. Nilitegemea ababaike. Wapi! Kapiga sawasawa mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyepotea. Mwongozaji wetu, Bi Swantje, akasimamisha okestra nzima kuniuliza kama nimeamka. Majivuno gani haya ya Bi Krahl, kujua kila kitu kichwani!

Alhamisi, 7 Novemba
Bi Swantje kaja dukani kukaziwa skrubu ya miwani. Nafasi hiyo! Nikamwambia kwamba kitaalamu sipaswi kusema, lakini macho ya Bi Krahl... Nikaishia hapo. Akashtuka. Akasema masikini, na konseti ni wiki ijayo. Nikasema hata mimi naumia. Uongo. Mchana nilikula soseji mbili.

Jumanne, 12 Novemba
Imekubali! Bi Swantje kaandika alama mpya kwenye karatasi yetu, akamwomba Bi Krahl aisome kwa sauti. Bi Krahl akawa mwekundu. Akaifuta fidla yake taratibu, akaifunga, akasema Jumamosi atakuja kusikiliza tu. Nikahamia kiti cha nje kikiwa bado na joto lake. Sikulipenda lile joto.

Mwenzangu mpya wa stendi ni Ruprecht, fundi bomba.

Jumamosi, 16 Novemba
Konseti. Aibu! Aibu tupu! Ruprecht hageuzi kurasa. Tulifika mwisho wa ukurasa, yeye kanitazama, mimi nimemtazama. Anadai hakuna aliyemwambia. Nikageuza kwa ncha ya upinde wa fidla, karatasi zote zikamwagika. Nikawa napiga kwa kubahatisha. Ikaja ile sehemu ambapo okestra nzima inanyamaza ghafla. Nzima, isipokuwa mimi. Wakati wa kahawa na keki dada akasema basi angalau mwaka huu amenisikia.

Lakini si hilo linaloniuma. Bi Krahl alikaa safu ya tatu. Kafumba macho, vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya mkoba wake. Noti za muziki wetu zile zile! Hakukosa hata moja. Na machozi yanamtoka.

Jumapili, 17 Novemba
Bi Krahl kapiga simu. Nikajua leo ndiyo leo. Kumbe ananishukuru! Haoni noti. Mwaka wa pili huu. Daktari wa Leipzig alishamwambia hakuna miwani itakayomsaidia. Hukaa nyumbani na redio ya kaseti, anashika kila kitu kwa sikio. Ndiyo maana zile kurasa mbili hazikumbabaisha! Anasema alijua kwamba mimi, fundi miwani, nimegundua zamani nikamfichia siri, na kama hatimaye nimemwambia Bi Swantje, basi nimesema kwa upendo. Akasema kuitana Bwana na Bi kumetosha. Nimwite Hannelore.

Sikugundua kitu! Miaka thelathini kazini! Masika nilimuuzia fremu mpya, nikamsifia kwamba zimempendeza. Nimelia jikoni kama mtoto. Najichukia. Jumanne namweleza Bi Swantje kila kitu, liwalo na liwe.

Jumanne, 19 Novemba
Nilimvizia Bi Swantje kabla ya mazoezi. Maneno yalikuwa mdomoni. Akaniwahi. Akaniuliza, mimi niliyekaa naye miaka yote, hivi Bi Krahl anaweza kupiga bila kuona? Mwenyewe anasema anaweza, lakini Bi Swantje anaogopa asije akaaibika mbele za watu. Neno langu moja tu, na anamrudisha leo leo. Kwenye kiti chake.

Kiti chake! Na mimi niende wapi?

Nikasema sidhani.

Masikini Hannelore. Roho inaniuma, kweli kabisa. Sijala hata soseji. Bi Swantje akanishika mkono, akasema ni vigumu kusema kweli juu ya rafiki. Akauliza kama kuna mwingine yeyote ninayemtilia wasiwasi. Nikakataa. Nikakataa tena. Kisha nikamwambia kwamba masikio si fani yangu, lakini huyu Bwana Wendelin wa stendi ya kwanza...