Ombi la Kurudishiwa Uzito wa Kabati

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Makabati,

Natumaini hamjambo hapo kiwandani. Mimi ni mzima, isipokuwa heshima yangu, ambayo mmeiua ninyi.

Kwa miaka kumi na tisa, ukweni kwangu naitwa Winchi. Sijui kuchangamsha mazungumzo, lakini kila mara mama mkwe alipotaka kufagia nyuma ya kabati lake la chuma, aliyepigiwa simu ni mimi. Nilikuja, nikakunja mikono ya shati, watu wakatoka vyumbani kutazama, kisha chai ikaandaliwa. Mwezi uliopita alinunua kabati lenu, lile la nyuzi za waya na plastiki zilizofumwa kama mkeka zikagandishwa kwa gundi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ni jepesi mno. Mama mkwe, mwenye miaka sabini na mmoja, alilihamisha peke yake huku akiongea na simu. Aliyekuwa akiongea naye ni mimi. Alikuwa ananijulisha nisijisumbue kuja.

2. Nilikuja hivyo hivyo. Nikavuta pumzi, nikalinyanyua kwa nguvu nilizozizoea. Likagonga dari, likavunja taa. Shemeji yangu, fundi cherehani ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko mkasi, alicheka mpaka akakaa chini.

3. Sasa shemeji huyo analihamisha kila wiki, hata pasipo vumbi. Wameanza kumwita Winchi Mdogo. Juzi kapewa paja la kuku ambalo tangu nioe lilikuwa langu.

4. Karatasi yenu ya maelezo inasema lina waya wa chuma ndani. Kama chuma kimo, uzito wake mmeupeleka wapi? Uzito ni mali ya mteja.

5. Leo kabati, kesho vitanda, keshokutwa majokofu. Wanaume wa aina yangu tutaitiwa nini? Tutalazimika kujifunza kuongea na wakwe zetu!

Kwa hiyo naomba mtengeneze kabati maalumu la ukweni, lenye mawe ya kilo mia na arobaini chini. Mkishindwa, niandikieni barua yenye muhuri kwamba kabati hilo lisisogezwe na yeyote asiye mkwe wa kwanza wa kiume.

Nisalimie wafumaji, wapaka gundi, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi aliyenikatia simu mara tatu.

Wako katika unyonge,
Winchi

N.B. Kabla sijaituma barua hii, nilikwenda stoo ya mama mkwe kulivuta lile kabati lake la zamani la chuma ili nilirudishe ndani. Mgongo ukagoma, nikabaki nimejikunja hapo hapo. Mama mkwe na fundi cherehani wakang'oa mlango wa kabati lenu, wakanilaza juu yake, wakanibeba hadi zahanati. Nina kilo tisini na nne, na mlango haukupinda hata kidogo. Njiani mama mkwe aliniambia alijua miaka yote kwamba nikishabeba huwa naenda kujinyoosha nyuma ya choo, na ndiyo maana akatafuta kabati jepesi. Kuhusu chai, alisema ni yangu hata nikija kukaa tu. Nililia, Ndugu Meneja, na si kwa sababu ya mgongo. Yale mawe msiyatie. Mtumieni mama mkwe mlango mwingine, maana daktari kaniagiza nilale juu ya kitu kigumu, na huu siurudishi.