Malalamiko Kuhusu Geti Lako Lililoshindwa na Winchi Yangu

Ndeti Mwololo,
Satellite, Nairobi.

Kwa Mzee Ephantus Kiarie,
Baba yake Mwihaki,
Uthiru.

Mpendwa Mzee,

KUH: UDHAIFU WA GETI LAKO

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na Mama Mwihaki na kina mama wote waliokuwa getini, ambao naambiwa wameacha kutetemeka. Mimi sijambo. Winchi pia haijambo, ingawa hakuna hata mmoja wa familia yako aliyepiga simu kuiulizia.

Naandika kwa unyenyekevu mkubwa kulalamika. Jumamosi nilikuja kwako na wazee wangu kwa ruracio, kuleta mahari ya binti yako kama mtu mwenye adabu zake, na jioni nikarudi nyumbani bila mchumba, nikiwa na geti. Geti hilo sasa limeegemea ukuta wa ploti ninapokaa. Kila nikipita, soja anayelinda hapo ananiuliza nyumba yenyewe italetwa lini.

1. Kuhusu winchi. Kwanza uielewe, maana naona unaichukulia kama silaha. Winchi ni mota ya umeme inayofungwa mbele ya gari, ina waya wa chuma na kulabu mwishoni. Ukikwama matopeni unafunga kulabu kwenye mti, unabonyeza rimoti, na gari linajivuta lenyewe. Niliinunua River Road kwa mtu aliyeapa kwamba inaweza kuvuta ng'ombe wote wa Kajiado wakiwa hawataki. Fundi Kitavi akaifunga kwenye chasisi kwa bolti nene, akaweka betri kubwa zaidi, akaniambia, "Boss, sasa hata ukikwama Turkana utatoka." Shida ni kwamba mimi siendi Turkana. Natoka Satellite naenda ofisini Hurlingham. Gari langu lina nguvu kwenye magurudumu yote manne, na mahali pekee lilipowahi kukwama ni kwenye jamu ya barabara ya Argwings Kodhek. Winchi ilikaa pale mbele miezi na miezi bila kazi, kama kijana mwenye digrii. Mzee, wewe ni mzazi. Unajua uchungu wa kuona kipaji kikipotea.

2. Kuhusu kufungiwa nje. Najua desturi, hata sisi Wakamba tunaijua. Wageni wa mahari hufungiwa geti, kina mama wa ndani wakaimba, wa nje wakajibu, na wa ndani wakiridhika hufungua. Lakini tuliimba, Mzee! Tuliimba wimbo wa kanisa. Tukaimba wa Kikamba. Tukajaribu wa Kikuyu ambao tulijua mstari mmoja tu, na huo mstari tukautumia vizuri sana. Shangazi yangu Nzisa, ambaye ndiye kwaya yetu, aliimba mpaka sauti ikamwacha. Jibu tulilopata ni la dada yako Hannah, kutoka upande wa pili wa mabati ya geti: "Hiyo ni kuimba ama mnakohoa? Hebu rudieni!" Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi akiwa amejifungia kwa komeo? Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka Ngong, na mjomba Nzau alikuwa amevaa suti ya kuazima. Nikaangalia geti. Nikaangalia gari. Ndugu zangu wanasema nilitabasamu, lakini mimi sikumbuki.

3. Kuhusu geti lenyewe. Hapa ndipo penye lalamiko langu hasa. Nilifanya kila kitu kwa ustaarabu. Nilizungusha waya kwenye vyuma vya juu vya geti, nikatandika blanketi juu yake kama Kitavi alivyonifundisha, ili ukikatika usimrukie mtu. Niliwaomba shangazi zangu wasimame mbali. Nikapiga honi ili walio ndani wajihadhari. Nia yangu ilikuwa kulitikisa kidogo tu, iwe kama hodi. Geti la mtu wa heshima kama wewe, mzee wa kanisa, mwenye nyumba za kukodisha, lilipaswa kukataa. Lingesimama imara, ningeaibika, mngenicheka, na sasa hivi tungekuwa tunapanga harusi. Badala yake lilikuja mara moja, pamoja na nguzo zake mbili, kama mtu aliyekuwa anangoja kuitwa. Nilichungulia ndani ya nguzo hizo, Mzee. Ni mchanga, na simiti ya kuonjesha tu. Fundi aliyekujengea ndiye anayepaswa kufukuzwa Uthiru, siyo mimi. Fikiria angekuwa ni mwizi aliyekuja na winchi!

4. Kuhusu hema. Ningependa kuelezwa ni nani aliyefunga kamba ya hema kwenye nguzo ya geti. Nguzo ilipotoka, kamba ikaifuata. Kamba ilipoondoka, hema nalo halikuona sababu ya kubaki. Nasikitika kwamba wazee wa ukoo wako walikuwa wamekaa chini yake. Hata hivyo hakuna aliyeumia, na Mzee Kihara alipofunuliwa alikuwa bado ameshika sahani yake ya mukimo na anaendelea kula. Winchi haikugusa hema hata kidogo.

5. Kuhusu kufukuzwa. Ulisema mbele ya watu wote, "Kijana, ondoa hilo gari lako na huo uchafu wako, na nisikuone hapa tena." Uchafu uliokuwa umeshikana na gari langu ulikuwa ni geti lako. Nikatii. Leo nasikia unawaambia watu kwamba nimeiba. Mzee, kutii kumekuwa wizi lini?

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Ujenge geti lenye nguvu, nami nitakuja kulijaribu bila malipo. Kwa kuwa geti lilifunguka, hatua hiyo ihesabiwe imekamilika, ili tukirudi tuanzie kwenye chai. Ukoo wako uiombe winchi radhi, hata kwa ujumbe mfupi. Na ikiwa yote haya ni mazito, tubadilishane tu: mimi nirudishe geti, wewe unipe Mwihaki, na kila mtu abaki na anachokipenda.

Kuna jambo moja, Mzee, ambalo nimeshindwa kulitia nambari. Mwihaki hachukui simu zangu. Rafiki yake Debra, anayefanya kazi jengo moja nami, amenipita kwenye ngazi kana kwamba mimi ni nguzo ya stima. Nampenda binti yako, na naogopa kwamba nimempoteza.

Nisalimie Mama Mwihaki, shangazi Hannah na mapafu yake, Mzee Kihara na wenzake wa chini ya hema, na mbwa wenu, ambaye naamini sasa anatembea Uthiru yote kwa hisani yangu.

Wako mtiifu, na mkwe wako Mungu akipenda,

Ndeti Mwololo

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha Debra aliponitumia video aliyoichukua Jumamosi akiwa ndani ya boma lako. Mzee, mota ya winchi ina kelele, na macho yangu yalikuwa kwenye waya. Kumbe kina mama walikuwa wamesharidhika, na zile kelele nilizodhani ni za hofu zilikuwa vigelegele. Kumbe Mwihaki, ambaye kwa desturi alipaswa kuwa amefichwa chumbani, alitoka mbio ameshika gauni lake, akapita katikati yao akicheka. Anasikika akisema, "Wacheni nimfungulie, huyo hata mkingoja Krismasi hatajua kuimba!" Akavuta komeo mwenyewe. Geti lilikuwa wazi, Mzee. Halafu mkono wake unaonekana bado uko hewani, na geti halipo.

Futa nambari zote. Nilitaka kuichana barua hii niandike nyingine, lakini shangazi Nzisa amekataa. Amesema uisome yote, ili ujue anayekuomba binti ni mtu wa aina gani. Geti nitalirudisha, na nguzo nitazijenga. Usiponitaka hapo tena, sitakulaumu. Ila mwambie Mwihaki nimeuona mkono wake.