Sindano Iliyovushwa Magogoni

Mzee Isidori Elisaria,
Nyumba yenye mlango wa bluu,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Februari, 1982.

Kwa Ndugu Salem Azzan,
Balozi wa Nyumba Kumi,
Dukani kwake, mtaa huo huo.

Ndugu Balozi,

YAH: MADAI YA SINDANO YANGU YA GRAMAFONI, AMBAYO IKO KIGAMBONI BILA RUHUSA YANGU

Marahaba. Najua ungeniamkia, maana wewe ni mdogo kwangu, kwa hiyo nimeitikia kabisa ili tusipoteze karatasi, nayo karatasi siku hizi haionekani.

Mimi mzima. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe ingawa nikikaa hapa barazani nakuona unapima kahawa, na wewe unaniona. Ningeweza kukuita. Lakini neno la kuitana barabarani linasahaulika, na neno la karatasi linakwenda kwenye faili. Na kalamu naijua. Nilisoma darasa la pili misheni, lile la zamani la viboko, ambalo kwa hesabu ya leo ni sawa na mtu aliyemaliza Chuo Kikuu akapumzika kidogo.

Unajua mimi ni nani katika mambo ya santuri. Nimekuwa kuli bandarini tangu wewe unanyonya, na mabaharia wa kila bendera wananijua. Makuli wenzangu walikuwa wakiomba sigara. Mimi naomba sahani ya santuri, tena siyo zile za dansi ambazo kila mwenye suruali anazo. Naomba ile ambayo hata kwao hawaitaki. Ndiyo maana leo katika Kariakoo yote, na nadhani mpaka Morogoro, hakuna mtu mwenye santuri kama zangu. Ninayo ya ng'ombe wanaoimba Noeli. Ninayo ya sungura wa Pasaka, anaimbia puani. Ninayo ya kengele tupu, pande zote mbili. Ninayo ya vijana wa Uingereza wenye pini mashavuni na nywele kama jogoo aliyenyeshewa, hao hawaimbi, wanagomba, na ngoma yao inapigwa kama mwenye nyumba anayegonga mlango wa mpangaji. Yale majina yaliyoandikwa juu ni ya Kiingereza, siyasomi. Nimezipa majina yangu na yanafaa zaidi.

Mtu mwingine angezifungia kabatini. Mimi nikasema hapana, huo ni ubepari. Nikaanzisha Umoja wa Kuazimana Santuri. Kila nyumba katika nyumba zetu kumi inapewa sahani moja, inakaa nayo wiki nzima, watu wanaizoea sura, na Jumamosi wanaileta uani kwangu tunaisikiliza wote kwa gramafoni yangu ya betri. Halafu inahamia kwa jirani. Betri nazianika mwenyewe juu ya bati ili zipate nguvu. Sikuomba ahsante. Lakini haya ndiyo niliyolipwa:

1. Mama Clotilda wa nyumba ya pili alipewa sungura wa Pasaka. Akamweka dirishani, jua likampiga, sahani ikajikunja kama bakuli. Mtu mwenye haya angekuja kuniomba radhi. Yeye akaileta imejaa karanga za kukaanga, ati chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Akaniambia, "Mzee Isidori, bakuli lako zuri kweli, ila lilikuwa na tundu, nimeliziba na donge la ugali." Karanga nilikula, hilo silikatai. Lakini yule sungura sasa ukimweka anapanda na kushuka kama mgonjwa wa malaria.

2. Bi. Sitara, yule anayepunga pepo karibu na kona, aliazima wale vijana wenye pini. Nikampelekea na gramafoni mimi mwenyewe, mgongoni. Alikuwa na mgonjwa mwenye pepo wa miaka mingi, pepo wa kudai halua na marashi. Nikawasha. Upande wa kwanza haujafika katikati, pepo akapiga kelele, "Jamani natoka, zimeni hiyo!" Akatoka, na mpaka leo hajarudi. Mgonjwa mzima, anauza maandazi Mnazi Mmoja. Je, nilisifiwa? Bi. Sitara ananinunia! Anasema nimemharibia kazi, yule pepo alikuwa mteja wa kudumu. Nikamwambia, Bibi, hayo ndiyo maendeleo. Akanifungia mlango.

3. Hili ulikuwepo, kwa hiyo nitaandika kifupi. Jumamosi kabla ya Noeli niliwapigia watu wale ng'ombe. Unakumbuka nyama ilivyokuwa imepotea. Ng'ombe wa kwanza akalia, wa pili akaitikia, na kabla hawajafika kwenye kiitikio nikaona kikapu mlangoni kwangu. Nyuma ya kikapu jiwe. Nyuma ya jiwe tofali, halafu kandambili, halafu watu wenyewe, foleni inakwenda mpaka Msimbazi. "Mzee, unachinja saa ngapi?" Nikasema hii ni santuri. Mama mmoja akanijibu, "Sawa baba, santuri, lakini mimi usinipe mifupa mitupu." Mwingine akapaza sauti, "Anaficha huyu! Mlanguzi!" Mgambo akaja, akamtafuta ng'ombe chini ya kitanda changu na ndani ya pipa la maji. Alipomkosa akatoka nje, akaweka kofia yake kwenye foleni. Na kikapu cha Bi. Badriya wako, Ndugu Balozi, nilikiona. Kilikuwa cha tatu. Nilinyamaza kwa kulinda cheo chako.

4. Sasa hili ndilo lenyewe, na hayo ya juu yalikuwa ya kukuonyesha tu mtu anayedhulumiwa anavyoanza.

Mwezi uliopita iliingia meli, na humo baharia mmoja alikuwa na santuri ya yule mzee wao wa Noeli, mwenye ndevu nyeupe na koti jekundu. Haimbi. Anacheka. Upande wa kwanza anacheka, upande wa pili anacheka zaidi. Sijawahi kuona kitu kama kile maisha yangu yote. Yule baharia akakataa sigara, akakataa vinyago. Anataka kitambaa kizuri cha kumpelekea mama yake. Na nyumbani kwangu sandukuni kulikuwa na doti ya khanga, mpya kabisa, ambayo mke wangu Mektilda aliipata duka la ushirika baada ya kusimama foleni na mvua inamnyeshea. Ilikuwa imekaa tu. Nikajiuliza kijamaa: kitu kinachokaa tu sandukuni ni cha nani? Nikaitoa.

Mektilda akafungua sanduku. "Baba Theophil, khanga yangu iko wapi?" Nikamwambia kaa hapa kwanza usikilize. Nikampigia upande mzima. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Hakucheka hata kidogo, na yule mzee alikuwa anamkaribisha kabisa! Halafu akaniambia, "Baba Theophil, ng'ombe nimewavumilia. Kengele nimezivumilia. Wale watoto wanaogomba nimewasalia rozari. Khanga ile ilikuwa ya ubatizo wa mjukuu wako." Akainua mkono wa gramafoni, akachomoa sindano, akaifunga kwenye pindo la khanga yake kuukuu, akachukua kikapu, akaenda Magogoni akapanda feri. Sasa yuko Kigamboni kwa dada yake Josepha, na sindano iko huko huko.

Mimi naona nimeonewa.

5. Tangu siku hiyo mtaa mzima umejiunga naye. Hakuna anayeniuliza habari za sindano. Wanauliza, "Mama Theophil hajambo?" Nassibu kinyozi ananiambia mbele ya wateja, "Mzee, mbona kimya hivyo, au umekufa hujatuambia?" Mama Clotilda ananiletea ugali amefunika sahani, ananitazama kama mtu aliyefiwa. Jumamosi nakaa uani, sahani inazunguka bila sauti, naiangalia. Uji napika mwenyewe na una madonge. Hilo la uji siyo sehemu ya malalamiko, nimeliandika ili faili lijae.

Kwa hiyo kwa heshima zote naomba ofisi yako itoe amri hizi:

Kwanza, sindano irudishwe. Ile siyo mali ya mke, ni mali ya nyumba kumi.

Pili, kwa sababu sindano ni kitu kidogo na kwenye feri kuna msukumano, iletwe na yule yule aliyeichukua, kwa mkono wake. Asimtume mtu.

Tatu, sindano iliyovuka maji ya chumvi inahitaji kuangaliwa isishike kutu. Aliyeileta akae nayo karibu, hapa hapa nyumbani, kwa muda usiopungua siku zote.

Nne, nyumba ambayo haitahudhuria Jumamosi irudishwe nyuma kwenye mgao wa sukari. Atakayehudhuria akaziba masikio apewe nusu.

Tano, pale Magogoni awekwe mtu wa kukagua mapindo ya khanga za akina mama kabla hawajapanda. Huwezi kujua nchi hii imepoteza sindano ngapi kwa njia hiyo.

Usipotekeleza nitapanda ngazi. Nitakwenda tawi, nitakwenda wilaya, nitakwenda mpaka Dodoma, na nitakwenda na wale ng'ombe.

Tena isije ikasemwa mtaani kwamba namtaka Mektilda. Nataka sindano. Na kuomba radhi sitaomba. Mimi ni mtu wa Kibosho, baba yangu hakuomba radhi, babu yangu hakuomba radhi, na wote wawili hawakuwa hata na gramafoni.

Naachia hapa kwa kuwa kalamu imeanza kukwaruza, siyo kwamba maneno yamekwisha. Nisalimie Bi. Badriya na watoto wote. Msalimie Mama Clotilda, mwambie karanga zilipungua chumvi. Msalimie Bi. Sitara, na yule pepo kama atapita kwako. Msalimie Nassibu, mwambie mimi sijafa. Msalimie na mgambo, ile kofia yake ilibaki hapa, aje aichukue.

Ni mimi, mjenga nchi mwenzako,

Mzee Isidori Elisaria,
Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina,
Umoja wa Kuazimana Santuri.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta uji wa kubandikia bahasha, Nassibu akaingia na sindano. Ameichomoa kwenye gramafoni mbovu ya fundi mmoja huko mtaa wa Gerezani. Nimeijaribu. Inalia vizuri kuliko ile ya kwanza. Nimempiga yule mzee anayecheka, pande zote mbili, sauti ya mwisho, na hakuna mtu aliyeniambia punguza. Nikazima mwenyewe.

Kwa hiyo zile amri ziache, zote. Ila ndani ya bahasha kuna jani la kijani. Usilitupe ukadhani takataka, na Bi. Badriya asilitie kwenye mchuzi. Nimelipata sokoni kwa mama mmoja wa kwetu, limeshuka na lori la ndizi kutoka Moshi. Linaitwa isale. Ninyi hamlijui, lakini sisi kwetu mtu aliyekukosea akikuletea hilo, humhoji tena, na huwezi kumkatalia. Funga duka leo mapema, Bwana Salem, umpelekee Mektilda kabla halijanyauka. Usimhutubie. Mpe tu, analijua.

Akikuuliza kama ni mimi niliyelituma, mwambie ndiyo. Lakini sema polepole.