Shangazi Aliyerukwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemaliza. Kurasa 612. Nimekaa kitandani bila kusogea mpaka mguu ukafa ganzi.

Sijui niandike nini kuhusu kitabu hiki. Vizazi vinne vya familia moja! Mwanamke anafariki ukurasa wa 90, unamlilia, unamsahau. Halafu ukurasa wa 503 kitukuu wake anacheka, na mezani kila mtu ananyamaza, kwa sababu kicheko ni cha yule marehemu. Hapo nilikiweka kitabu chini nikakitazama kama kitu kinachopumua. Na mwanzoni kabisa kuna mti wa ukoo, matawi na tarehe, kama ramani ya nchi ambayo watu wake wote wanajuana.

Aliyeniazima ni Madam Kavinya, mlezi wa klabu yetu ya kusoma. Ametuagiza kila mmoja aandike sura ya kwanza ya riwaya ya namna hiyo, kuhusu familia yake, tumpelekee Jumatatu tarehe 18. Itakayomgusa zaidi itasomwa na mwandishi wake mbele ya wazazi wote shule ikifunguliwa. Mimi nisimame mbele ya wazazi! Naogopa. Nataka kuliko kitu chochote duniani.

Shida ni Maingi. Yuko klabu yetu, anakaa Umoja Two, jirani na Umoja kwetu, na ukoo wake ni wa wachongaji. Tayari ana vizazi vitano, na babu wa babu yake alichonga twiga akiwa na jicho moja tu. Sisi tuna vizazi vitatu, na cha tatu ni mimi peke yangu.

Kila familia kwenye riwaya ina siri. Yetu lazima inayo. Wanaificha tu, bila kunifikiria.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechora mti. Naeleza kanuni hapa kwa ajili ya wasomaji wangu wa baadaye. Kwetu Wakikuyu, mvulana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na wa pili la mama ya mama yake. Hakuna anayechagua. Majina yanakuja kwa zamu.

Ndiyo maana mimi ni Wangeci, na Shosho, mama yake Baba, ni Wangeci. Tunalala chumba kimoja, tunakunywa chai ya birika moja, na ni yeye peke yake ninayeweza kumwambia sentensi hadi mwisho. Kwa watu wengine nafika katikati, naishia hapo.

Saa nne asubuhi nikaona. Shosho ana binti mmoja tu, Shangazi Wanja. Na Wanja ni jina la mama yake Shosho. Yaani jina la msichana wa pili! Wa kwanza alipaswa kuitwa Warigia, jina la mama yake Babu. Yuko wapi Warigia?

Nilihesabu kwa vidole. Nikaenda kunawa uso. Nikahesabu tena.

Nina shangazi ambaye hajatajwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikufa, au alipewa watu, au alipotea. Maskini yeye. Asante Mungu.

Alhamisi, 7 Agosti

Hila ya kwanza: nilimwambia Shosho shule inataka orodha ya watoto wote waliowahi kuzaliwa nyumbani kwetu, hai na wafu. Aliuliza kama shule inataka na ng'ombe. Kisha akanipa minji, zile njegere za kijani, nimenye.

Hila ya pili: nilimpigia Shangazi Wanja. Nilimuuliza kama utotoni aliwahi kuhisi kuna mtu aliyemtangulia. Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilishika kalamu. Kumbe alikuwa anavuka barabara. Aliuliza kama nimejiunga na kanisa la wanaotabiri ndoto, akaniambia nile vizuri.

Hila ya tatu: Shosho akiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, nilipekua sanduku lake. Leso nne. Picha ya Babu akiwa na shati la kola ndefu. Ripoti zangu zote za shule tangu chekechea, zimefungwa kwa utepe. Nilizirudisha. Nilijisikia vibaya kwa dakika kumi hivi.

Maingi ametuma ujumbe: "Niaje Wangeci. Mimi nimefika kizazi cha sita. Wewe?" Sikujibu. Sita ni majivuno.

Jumamosi, 9 Agosti

Jibu lilikuwa kitabuni muda wote! Ukurasa wa 340, mtu anataja mezani jina lililokatazwa. Bibi mzee anaangusha bakuli, anaeleza kila kitu kwa kurasa ishirini.

Basi jina litajwe mezani. Si na mimi, ningefikia "Wari". Lakini Mama ana mimba ya miezi tisa, na kesho mama yake, Shosho Gathoni, anakuja kutoka mtaa wa Baba Dogo kumwona. Mtoto akiwa msichana ataitwa Gathoni, haina mjadala. Shosho Gathoni ameisubiri zamu hiyo miaka kumi na sita, tangu nilipozaliwa mimi nikachukua jina la mwenzake.

Nimechukua kijitabu cha kliniki cha Mama. Mwishoni, penye nafasi ya jina la mtoto, nimeandika: Warigia. Kwa penseli tu, itafutika. Kesho nitakiacha wazi karibu na sahani. Shosho wangu atakiona, ataangusha bakuli, atasema.

Nimeondoa bakuli la udongo, nikaweka la plastiki. Mimi si mtu mbaya.

Jumapili, 10 Agosti

Aliyekiona si Shosho wangu.

Shosho Gathoni alifika na mfuko wa nduma, yaani magimbi, akasalimia watu wote, akaomba kuona binti yake anaendeleaje. Ana miwani mpya. Alisoma kijitabu chote, uzito, presha, sindano, hadi mwisho. Kisha akakifunga polepole na kukilainisha kwa kiganja.

"Mama Mbuthia," akamwambia Shosho wangu, kwa jina la mwanawe na kwa heshima kabisa, "kumbe hata mimi nitarukwa?"

Hata mimi! Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na nilisikia hilo "hata" kama kengele. Basi kuna mwingine aliyerukwa! Niliruka kwa furaha. Halafu nikauona uso wa Shosho.

Baba alisema hajui lolote. Mama alisema hata hajui kama ni msichana, waliamua wasiulize. Shosho alikichukua kijitabu akautazama mwandiko. Anaujua. Ni yeye aliyenishika mkono nikaandika W yangu ya kwanza. Bakuli halikuanguka. Alilisogeza tu, akainuka, akaingia chumbani kwetu na kufunga mlango.

Shosho Gathoni alibeba nduma zake akaenda. Zote. Hata zilizokwisha chemshwa, alizifunga kwenye gazeti zikitoa moshi.

Mama analia. Baba ameniuliza kama ni mimi. Nilifika katikati ya sentensi.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbili Shosho hajanisemesha. Anamimina chai yake na kuifunika birika. Sikujua nyumba inaweza kuwa kubwa hivi.

Leo saa tatu asubuhi aliniita uani. Aliweka ungo wa maharagwe katikati yetu, tukaanza kuchambua.

"Hakuna mtoto aliyekufa," alisema. "Wewe ulitaka awepo?"

Nilisema hapana. Nilikuwa nimetaka. Hilo nimelijua pale pale, na nikaona aibu hata kwa maharagwe.

Akanisimulia bila kuinua macho. Wanja alipozaliwa, vyumba vingine vya nyumba hii walikuwa wamepangisha, wao wakabaki na cha mbele tu. Siku ya pili Warigia mwenyewe, mama yake Babu, alikuja kutoka mashambani na njahi, yale maharagwe meusi ya kumpa nguvu mzazi. Alisimama mlangoni, akatazama kitanda, akatazama stovu iliyokuwa chini ya kitanda. Akasema, "Jina langu halilali karibu na jiko." Akageuka na njahi yake. Basi Shosho, mwenye miaka ishirini na mitano na mtoto wa siku mbili, akampa mtoto jina la mama yake mwenyewe. Nusu hii watu wazima wote wanaijua.

Nusu ya pili ni hii. Baada ya wiki moja Warigia alirudi. Babu alikuwa kazini. Alisimama pale pale mlangoni, akasema amefikiri, jina liwekwe. Shosho akamjibu kwamba amechelewa, mtoto ameshaandikishwa.

"Sikuwa nimemwandikisha," Shosho alisema. "Nilimwandikisha kesho yake."

Warigia hakukanyaga hapa kwa miaka kumi na moja. Babu alidhani ni kwa sababu ya stovu. Kwa hiyo akaanza kujenga jikoni nyuma ya nyumba ili mama yake apate kuingia. Jumamosi baada ya Jumamosi, peke yake, baada ya kazi ya wiki nzima. Shosho alimpokeza mawe moja moja na hakumwambia. Kila alipopata mimba aliomba awe msichana. Wakaja wavulana watatu. Jikoni ilipokwisha, Warigia alikuja, akaketi ndani yake, akanywa chai, akauliza kama kuna msichana mwingine. Aliambiwa hakuna. Alisema "haya", akaomba sukari kidogo. Mwaka uliofuata akafariki. Yeye pia hakuwahi kumwambia mtu.

Nilitazama jikoni kwetu. Sufuria, ndoo, kalenda ya duka la dawa. Nimekuwa nikiingia humo maisha yangu yote kuchukua chumvi! Babu aliijenga kwa ajili ya ugomvi ambao hakuujua, na wanawake wawili waliokuwa wakijua walikunywa chai ndani yake na kunyamaza. Kurasa 612 hazina kitu kama hicho. Nilishindwa kusema. Si kwa haya. Hapakuwa na neno la ukubwa huo.

"Hili usiliandike," Shosho alisema. "Babako hajui."

Nimeapa. Akanimiminia chai.

Ijumaa, 15 Agosti

Mvulana!

Mvulana wa kwanza wa Baba, basi ni Kiarie, kama Babu. Hakuna aliyeulizwa. Vita vyote vile vya jina la msichana, na anakuja mtu mdogo mwenye ngumi, hana habari.

Shosho Gathoni aliingia wodini akasimama mbali kidogo. Shosho wangu ndiye aliyekuwa amempakata mtoto. Alimwendea moja kwa moja. "Mshike wewe kwanza, mwenzangu," akasema. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakainama juu ya mtoto, na baada ya dakika moja walikuwa wakibishana masikio ni ya nani. Kila mmoja alikuwa na marehemu wake. Niliyaangalia yale masikio, madogo kama njugu, nikafikiria yametoka wapi, yamepitia kwa nani na nani, hadi nikalazimika kuketi.

Nilijaribu kumwomba Shosho Gathoni msamaha. Nilifika katikati. Yeye akaimalizia sentensi, vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga, akanisamehe. Nduma zimerudi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeandika sura! Kurasa kumi na moja kwa siku mbili, sikuusikia hata mkono.

Kiapo sijakivunja. Nimebadilisha kila kitu. Umoja nimeifanya Huruma. Jikoni nimeifanya bafu. Babu ni seremala, Warigia ana jina lingine, na yule mke kijana aliyedanganya kuhusu kumwandikisha mtoto nimempa kovu shavuni ili asifanane na mtu yeyote tunayemjua. Shosho mwenyewe hawezi kujitambua. Baba atakaa mstari wa mbele na hatashuku kitu.

Nilimtumia Maingi asome. Baada ya saa nzima alikiri kwamba amefuta vizazi vyake viwili, vilikuwa vya uongo. Amesema yangu ndiyo itakayosomwa. Nimeisoma kwa sauti mara tatu mbele ya kioo, na sentensi zote zimefika mwisho.

Kilichobaki ni ukurasa wa mwanzo. Vitabu vikubwa vyote vina tabaruku, na mimi sitaki kuonekana sina shukrani. Nimeandika katikati kabisa ya karatasi, kwa mwandiko wangu bora: "Kwa Shosho wangu, Wangeci wa Umoja, aliyenisimulia haya yote akaniomba nisiyaandike."