Kujieleza kwa Nini Sikuhudhuria Semina ya Kupumzika

Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi. Mimi naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji ya dawa, kwa sababu viti vya chumba cha madaktari vilichukuliwa kwa ajili ya semina na bado havijarudi.

Nimepokea barua yako ikinitaka nijieleze kwa nini sikuhudhuria Semina ya Kupunguza Uchovu kwa Madaktari Wanawake, iliyofanyika Jumatano mchana. Umeandika kwamba kutoonekana kwangu ni dalili ya kutojali afya yangu, na kwamba jambo hilo linaweza kunifikisha kwenye kamati ya nidhamu. Nashukuru kwa kunijali kiasi hicho. Maelezo yangu ni haya yafuatayo, na mwishoni nina ombi.

1. Asubuhi ya siku hiyo nilifika mapema ili nivae nguo za upasuaji. Kama unavyojua, chumba cha kubadilishia nguo cha madaktari wanawake kiligeuzwa stoo ya mabango ya semina zilizopita. Sisi hubadilishia kwenye stoo ya mashuka, ambayo ufunguo wake anao karani wa usafirishaji, mtu mwema sana, na siku hiyo alikuwa msibani. Basi nikabadilishia kwenye kona ya viti vya magurudumu, rafiki yangu daktari wa watoto akinishikia shuka kama pazia. Rafiki yangu huyu ni mfupi. Madaktari wa mifupa walipita na kutuamkia kwa heshima zote. Chumba chao kina kabati, kioo na bafu.

2. Nikampasua mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amekaa vibaya tumboni. Damu ilitaka kutushinda. Kuna wakati nilimsikia mtaalamu wa usingizi akimwomba Mungu kwa sauti, na yeye si mtu wa ibada. Mama akapona, mtoto akalia. Nilipotoka kuwapa ndugu habari njema, nilimkuta baba mkwe wa mgonjwa amemkumbatia msukuma machela, bwana mmoja mrefu mwenye miwani, akimshukuru kwa kumwokoa mkwewe. Nikajitambulisha. Mzee akanitazama kwa upole, akasema, “Asante, sista. Hebu mletee daktari kiti, amechoka sana huyu.”

Msukuma machela alikana mpaka jasho likamtoka. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumsifu kwa kutojikweza. Mtoto amepewa jina lake. Mimi nilikwenda kutafuta kiti, ndipo nikakumbuka vyote viko semina.

3. Naomba izingatiwe kwamba nilianza safari ya kwenda semina. Lakini kwanza ilinibidi niingize taarifa za upasuaji kwenye kompyuta, maana bila hivyo mgonjwa hapewi dawa wodini. Kompyuta ikaniambia nenosiri langu limepitwa na wakati. Fundi wa kompyuta akanieleza kwamba mwenye uwezo wa kulibadilisha ni mkuu wake, na mkuu wake yuko semina, anaendesha projekta. Nikaandika dawa kwa mkono, nikamsihi muuguzi wa zamu azikubali, naye akazikubali huku akinionea huruma.

Nilipofika mlangoni pa ukumbi, mlinzi alinieleza kwa adabu kwamba mwezeshaji hataki waliochelewa, wanawavurugia wenzao utulivu. Nikachungulia kupitia kioo. Washiriki walikuwa wamefumba macho wakifundishwa kupumua. Wengi wao walikuwa mabwana wa ofisi ya utawala, kwa kuwa madaktari wanawake tulikuwa kazini. Wewe, Ndugu Mkurugenzi, ulikuwa mstari wa mbele, na ulikuwa unapumua vizuri sana.

4. Nikiwa hapohapo mlangoni, simu ikaita. Mama mkwe alikuwa na jirani aliyevimba mguu, akataka niutibu kwa kusikiliza. Wifi alinitumia picha ya vipele bila kusema ni sehemu gani ya mwili, na bado sijaitambua. Kisha akapiga mume wangu. Ni mwalimu, na ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Aliuliza sweta la mtoto liko wapi. Nikamjibu liko pale linapokaa siku zote. Akauliza siku zote huwa linakaa wapi.

5. Hapa nakuomba usome taratibu. Nilirudi kwenye viti vya magurudumu kuchukua viatu vyangu, nikaketi kwenye kimojawapo ili nivivae, na sikuweza kusimama. Sikulia. Nilikaa tu, miguu imegoma, kichwani mna maneno ya barua ya kuacha kazi, ileile ambayo wenzangu wawili wa kike walishakuandikia mwaka huu. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Akatokea muuguzi mgeni, ambaye ndiyo kwanza ameanza kazi kwetu wiki hii. Aliniona na gauni la kijani na barakoa, akadhani ni mgonjwa aliyesahauliwa. Akaanza kukisukuma kiti. Njiani akainama, akaniuliza, “Umekula, mama?”

Ndugu Mkurugenzi, tangu niajiriwe hapa hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikashindwa kusema mimi ni nani. Nikasema sijala.

Alinilaza wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Chai ikaja. Mto ukaja. Waliokuja kuongea kwa sauti walifukuzwa na mlinzi wa wodi, kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado. Simu yangu yule muuguzi aliiweka kwenye droo, akasema mgonjwa hapaswi kusumbuliwa. Nililala usingizi mzito hadi rafiki yangu daktari wa watoto aliponipata katika kuzungukia wodi, akanifunika vizuri, akaenda kuwaona wagonjwa wangu wa kliniki bila kumwambia mtu.

6. Kutokana na hayo, naomba rasmi nilazwe. Sihitaji dawa. Nahitaji cheo cha mgonjwa, ambacho katika hospitali hii kina heshima kuliko cheo changu. Kwa kuwa haki ni kwa wote, naomba madaktari wanawake wengine nao walazwe kwa zamu, na ikiwezekana sote kwa pamoja. Wodi hazitakosa watu wa kuzihudumia. Wapo mabwana wa utawala, ambao wamekwisha kupumzika na wana cheti cha kupumua, na wewe mwenyewe ulisomea upasuaji kabla hujapata ofisi yenye zulia. Msukuma machela anaweza kukusaidia, tayari ana jina mjini.

Nitashukuru ombi hili likifikiriwa kabla ya semina ijayo. Mfikishie salamu mwezeshaji, msalimie mkeo na watoto, na mpe pole zangu karani wa usafirishaji kwa msiba.

Wako katika utumishi,
Daktari wa Wodi ya Wazazi

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha nilipoitwa wodini. Kuna mama mjamzito wa mapacha ambaye ujauzito uliopita ulimwachia majonzi. Anapasuliwa kesho, na amegoma kutia saini mpaka nimhakikishie kwamba nitakuwa mimi. Nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, tumeongea, amecheka, na mimi nimejikuta nacheka naye. Ametia saini. Kwa hiyo tafadhali nisilazwe kesho. Kesho kutwa nina kliniki, na siku inayofuata lazima nimkague huyo mama kidonda. Wiki ijayo wapo wengine ambao nimeshawaahidi. Nikipata siku ambayo sina mgonjwa, nitakuja mwenyewe kulazwa.