Kuni Arobaini na Chupa ya Dirishani

Mwenzenu leo nimejiadhirisha. Sikuadhirishwa na mtu. Nimejiadhirisha mwenyewe, kwa mikono yangu hii miwili, mbele ya mkwe mwenzangu, mbele ya ustadhi, na mbele ya kina mama kumi na wawili wa kijiji hiki cha Ambatoloaka. Nawaandikia nyinyi wa darasa letu la Unguja mapema, kabla binti yangu hajawarushia picha. (Picha ipo. Msiiombe.)

Ngojeni nianze mwanzo.

Mnajua nina mjukuu. Asiyejua basi simu yake mbovu, maana nimeshatuma picha sitini na tatu. Zaina wangu amejifungua hapa kisiwani Nosy Be, mtoto wa kike, paji la uso langu, pua yangu, na akilia hata sauti ni yangu. Leo ametimiza siku saba. Na mimi, mama wa mzazi, nimetoka kwangu Majunga kuja kumlea, na nimekuja na kuni.

Ndiyo, kuni!

Huku kwetu mzazi hukalishwa kwenye joto. Wamalagasi wa pwani wanaita mifana. Sisi wenye asili ya Ngazija nasi tunafanya hivyohivyo, na nyinyi huko mnakanda na kufukiza, kwa hiyo asijitie mtu kushangaa. Mzazi anavaa sweta, soksi na kofia ya sufu, chumba kinafungwa, na moto unakaa siku arobaini. Hasa mtoto akizaliwa kipupwe kama sasa, na huu upepo unaogonga madirisha tangu asubuhi. Kuni analeta mama wa mzazi. Mama yangu aliniletea mimi, nami niliapa nitamletea wangu.

Nikanunue kuni za barabarani? Mimi? Thubutu! Nilichukua za mkwaju tulioukata kwenye kiwanja chetu Amborovy, uliokauka miaka miwili chini ya bati. Vipande arobaini, kila kimoja urefu wa mkono. Nilivihesabu mara tatu. Kipande kimoja, siku moja.

Nikavipandisha juu ya gari mpaka bandari ya Ankify, njia nzima abiria wananitazama. Kwenye boti ya kuvukia, mama mmoja akashindwa kuvumilia. "Mama, kwani Nosy Be hakuna miti?"

"Miti ipo," nikamwambia. "Mikwaju yangu ndiyo haipo."

Bahari ilikuwa mbaya, maji yanaruka mpaka ndani. Nilikuwa na koti moja la mvua. Nikazifunika kuni. Mimi nikalowa chapachapa, nikashuka napiga chafya, na mafua hayo ninayo mpaka leo. Sinusi kitu, na mwili unanitetemeka kila saa. (Wekeni hilo akilini, tutalihitaji.)

Sasa nyumba yenyewe. Mkwe wangu Hery anafanya kazi kwenye boti za watalii, na amepanga kijumba kilichojengwa na mzungu mmoja mzee. Mzungu huyo, sijui alikuwa anakumbuka kwao, alijenga jiko la ukutani lenye dohani. Hapa Ambatoloaka! Watu wamelicheka jiko hilo miaka yote, ndege wakafanya kiota ndani. Mimi nilipoliona nililia kwa furaha. Nikatoa kiota, nikafagia, nikawasha mkwaju wangu, na moshi ukapanda juu kama umeitwa.

Tatizo lilikuwa moja. Nilimkuta Madamu Lalao.

Madamu Lalao ni mama yake Hery, katoka Antsirabe, huko milimani. Mtu mpole, anasema kwa sauti ya chini, hakatizi mtu. Naye alikuja na chake: hita ya umeme, mpya, bado imo kwenye boksi. Chumba cha bibi ni kimoja, na kitanda ni kimoja. Tukawa tunalala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu na yangu kwake, kila mtu akimwambia mwenzake asijali kabisa.

Siku ya pili Hery akasema kwa adabu, "Mama zangu, mtaumwa migongo. Mama wa kuni akae mpaka kuni zake ziishe. Halafu arudi apumzike, na mama wa hita apokee."

Nilikubali kabla hajamaliza. Kuni arobaini, siku arobaini! Nani wa kunitoa? Madamu Lalao akatabasamu tu, akasema ni sawa, atalala sebuleni kwenye kochi mpaka zamu yake ifike. Nikamwonea huruma. Tena, Mungu anisamehe, nikaanza kumfundisha baridi. Yeye, mtu wa Antsirabe, ambako asubuhi ya kipupwe majani yanakuwa meupe kwa barafu. Nikamweleza upepo unaingilia wapi, kuni zinapangwaje, kuni mbichi inalia vipi. Akaitikia, "Aa, ndiyo, Mama Zaina. Kumbe."

Siri moja tu sikumpa, ya marehemu mama yangu. Mama hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi dirishani. Mafuta yakiwa maji, usiguse moto. Yakifanya ukungu, weka kuni moja. Yakiganda kabisa, baridi imeingia nyumbani, chochea mpaka yayeyuke. Basi. Nami nikajaza mafuta ya nazi kwenye chupa tupu ya jemu, nikaiweka dirishani mwa chumba cha mzazi. Siku sita mfululizo asubuhi yana ukungu, natia kuni moja, saa nne yamekuwa maji. Siku sita, kuni sita. Zimebaki thelathini na nne. Nilikuwa natembea humu ndani kama mwenye nyumba.

Chupa za jemu zilikuwa mbili. Ya pili nilimpa Madamu Lalao, kwa ukarimu wangu.

Leo ndiyo siku ya kumpa mtoto jina. Alfajiri Madamu Lalao aliamka akafagia, akafuta madirisha yote kwa ajili ya wageni. Mimi nilikuwa nakaanga vitumbua. Niliporudi chumbani nikatupa jicho dirishani. Masalale! Mafuta yameganda. Meupe, magumu, hata ukigeuza chupa hayasogei.

"Zaina, baridi imeingia," nikasema. Nikatia kuni mbili.

Saa tatu: magumu. Nikatia nne.

Saa nne: vilevile. Nikaziba nafasi ya chini ya mlango kwa kanga. Nikaziba dirisha. Nikatia sita. Moto ukanguruma, na mimi na mafua yangu bado natetemeka, kwa hiyo chupa inasema baridi na mwili wangu unasema baridi. Mashahidi wawili! Ningebisha vipi?

Zaina alikuwa mwekundu. "Mama, nahisi joto."

"Ni damu inarudi."

"Mama, jasho limeingia masikioni."

"Hiyo ndiyo baridi inatoka. Vaa kofia."

Madamu Lalao akaingia, akanitazama, akatazama moto. "Mama Zaina, unaona bado kuna baridi?"

"Dada yangu," nikamwambia, na nilimshika bega kabisa, "baridi ya pwani haionekani. Lazima uwe umezaliwa nayo."

"Kumbe," akasema. Akamchukua mtoto ili akambadilishe nepi kibarazani. Hakurudi. Baada ya saa nzima nikajiambia, maskini, mwanamke mzima hajui kufunga nepi.

Na kabla hajatoka, kila nilipoitazama chupa, Madamu Lalao alikuwa akinitazama mlangoni kwa namna ya huruma. Sikuelewa.

Adhuhuri ikapita, wageni wakaja. Kina mama wamejipamba, na ustadhi amevaa koti juu ya kanzu, kofia imenyooka. Nikawaingiza wote chumbani, nikawafungia mlango nyuma yao. Kwa heshima! Watu wa hapa hawajawahi kuona moto wa ukutani unafanya kazi. Wakati huo nilikuwa nimeshapoteza hesabu, nachochea tu.

Ustadhi akaanza. Jina la mtoto likatajwa, Latifa, mwenyewe bado yuko kibarazani na nepi zake, na mimi machozi yakanitoka, maana Latifa ni jina la mama yangu. Nilijivuna, sitaki kusema uongo. Niliona mama angekuwepo angesema, mwanangu umefanya kazi.

Kisha nikagundua ustadhi anasoma mbio. Dua ambayo huwa haina mwisho ilikwisha kabla sijainua mikono vizuri. Wanja wa jirani yetu umefika kidevuni. Keki ya krimu waliyoleta wenzake Hery ilianza kuinama, ikainama, halafu ghorofa ya juu ikateleza polepole mpaka mapajani kwa mama mmoja. Hakulalamika. Nadhani ilimpoza.

"Mama," akasema Zaina, na hapo alishavua sweta mbele za watu, "fungua mlango au mnizike leoleo."

"Hafungui mtu!" nikasema. Jamani, nilisimama katikati ya chumba. "Mnaona joto kwa sababu mmekaa wengi. Nyumba yenyewe imeganda! Mimi sibahatishi. Nina kipimo cha mama yangu, Mungu amrehemu."

Nikaichukua chupa dirishani. Ilikuwa vuguvugu mkononi. Nikaiinua juu kila mtu aione. Nikaipindua chini juu. Hakikutoka kitu.

"Tazameni! Mafuta ya nazi haya. Yangeganda hivi kama si baridi?"

Ustadhi anapangusa uso kwa kofia.

Mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia, watu wakasema "Aaah!" kama walioletewa maji. Ni Madamu Lalao, amembeba Latifa aliyelala fofofo, mkavu, mzima, ametulia.

"Samahani, Mama Zaina," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Hayo ni mafuta yangu. Ni ya ng'ombe. Hayayeyuki ila kwenye kikaango."

"Ya ng'ombe?"

"Niliyanunua kwa mchinjaji Mwislamu, niliuliza vizuri, nilitaka kukaangia wageni. Nilipofuta dirisha niliyaweka hapo kwa muda. Ya kwako nimeyahifadhi jikoni." Akamweka Latifa begani vizuri. "Nimekuona unayatazama tangu asubuhi. Nilidhani unayatamani, unaona haya kuomba."

Mmoja wa kina mama akaenda jikoni akaleta chupa yangu. Mafuta ya nazi, maji matupu, yanacheza ndani. Ungeweza kusomea kitabu upande wa pili.

Wakacheka! Ustadhi alicheka mpaka akakaa chini. Zaina alicheka akashika tumbo analia kwamba mishono inamuuma, na hapohapo mkono mwingine unapiga picha: mimi, chupa ya mafuta ya ng'ombe juu kama nimeshinda kombe, na krimu ya keki mguuni. (Nimesema msiiombe.) Ndipo nikaelewa na zile nepi za kibarazani. Mwanamke yule alikuwa anamwokoa mjukuu wetu na mimi, bila kunivunjia heshima.

Nami ningecheka. Lakini Hery alikwenda kwenye kona ya kuni, na uso wake ukabadilika.

"Mama," akasema taratibu. "Zimebaki mbili."

Mbili! Nilikuwa nimechoma kuni thelathini na mbili kwa siku moja. Siku zangu thelathini na mbili na Latifa, nimezitia motoni mwenyewe kwa fahari, kwa ajili ya kuyeyusha mafuta ya kukaangia. Na ahadi niliitoa kwa mdomo wangu, kuni zikiisha naondoka. Vicheko vikakatika. Machozi yakaja, na hayakuwa ya moshi.

Nikasema, "Haya. Keshokutwa nitatafuta boti."

Madamu Lalao akanipa mtoto. Akaenda kwenye kona, akaokota zile kuni mbili, akazipima mkononi, akazigonga moja kwa nyingine, akasikiliza. Polepole, kama fundi.

"Mkwaju mzuri," akasema. "Mkavu kabisa. Hery, mimi nimezaliwa Antsirabe, baridi naijua. Kwa baridi ya Nosy Be, kuni mbili hizi zinatosha siku thelathini na tatu. Mama yako wa kuni atakaa mpaka ziishe."

"Na wewe, Mama?" Hery akauliza. "Na hita?"

"Hita tutaiuza, tununue kitanda cha pili. Nimechoka na kochi."

Nilimkumbatia yule mwanamke, mafua yangu yote begani kwake, wala hakujitoa. Alisema tu, "Kumbe."

Basi ndiyo hivyo. Moto umezimwa, madirisha yako wazi, mzazi anakula keki kwa kijiko. Zile kuni mbili nimezifunga kwenye kanga yangu nzuri, nimezilaza upande wangu wa kitanda, na hazitawashwa hata barafu ikianguka Ambatoloaka. Chekeni kama mnaweza, lakini picha ya sitini na nne ya Latifa ninayo mkononi, na nitawatumia wale tu ambao hawajacheka.